Banda la faragha na spa kwenye meli ya kitalii: namna ya kubuku ukiwa Kigoma

Wanaoulizia safari za meli kubwa za kitalii hapa Kigoma wako makundi mawili. Kuna vijana wanaotaka fungate lisilofanana na la wenzao, na kuna wazazi ambao watoto wao wa ughaibuni wameamua kuwapumzisha. Wote huanza na swali la chumba, na chumba ndicho chepesi. Wanapokwama ni kwenye vile vitu viwili walivyoviona pichani: banda la faragha pembeni ya maji (kwa Kiingereza cabana), na spa yenye vitanda vya joto vinavyotazama bahari. Hivyo havimo kwenye nauli. Vinauzwa pembeni, ni vichache, na vikiisha unasubiri mtu aghairi.

Sisi wa hapa meli si jambo geni. Liemba yenyewe, meli yetu ya Ziwa Tanganyika, iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwenye karakana ya Meyer, ikafunguliwa vipandevipande, ikavuka bahari hadi Dar es Salaam na kupakiwa kwenye treni mpaka ziwani. Karakana hiyohiyo bado inaunda meli: Celebrity Solstice ya mwaka 2008 na Norwegian Bliss ya 2018 zimetoka hapo, na Bliss ina chumba cha theluji ndani ya spa yake. Theluji ya kujipaka baada ya sauna! Haya, tuanze kazi.

1. Njia na visa kabla ya kitu kingine chochote

Picha nyingi za mabanda zimepigwa Bahamas. Kampuni za meli zina visiwa au fukwe zao huko: Royal Caribbean wana CocoCay, Norwegian wana Great Stirrup Cay, MSC wana Ocean Cay, na Holland America wana Half Moon Cay. Meli zinazokwenda huko nyingi huanzia Florida, kwa hiyo mwenye pasi ya Tanzania lazima awe na visa ya Marekani, na masharti ya visa hiyo kwetu yamekuwa yakikazwa. Usilipie banda la CocoCay wakati visa haijatoka. Kama mwanao yuko Houston na ndiye mlipaji, mwambie wazi asubiri. Akiona punguzo la wiki hii atakuharakisha, lakini anayekwenda kusimama dirishani ubalozini ni wewe.

Mediterania inafanyika. Unahitaji visa ya Schengen, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, ambayo kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, pamoja na bima ya safari inayofikia angalau euro 30,000. Hapa kuna mtego: omba visa ya kuingia zaidi ya mara moja. Meli ikitoka Ugiriki, ikatia nanga Uturuki, kisha ikarudi Ugiriki, kwa hesabu za uhamiaji umetoka Schengen na unaingia upya. Mwenye visa ya kuingia mara moja anaweza kukataliwa kupanda tangu bandari ya kwanza. Na Uturuki nayo ina visa yake.

Tofauti nyingine ya Mediterania ni kwamba meli za huko hazina visiwa vya kampuni njiani. Banda, kama lipo, liko juu ya deki. Princess wana eneo la watu wazima linaloitwa The Sanctuary, na kwenye baadhi ya meli zao kubwa lina mabanda ya kukodi. MSC kwenye meli kadhaa wana deki ya juu ya watu wazima inayolipiwa, ina vitanda vya jua na utulivu. Si ufukwe, ila kelele za watoto kwenye bwawa hazifiki.

Pasi iwe na uhai wa miezi sita mbele baada ya siku ya kurudi. Kama huna, maombi huanzia mtandaoni na ada ni shilingi 150,000. Kadi ya njano ya chanjo beba hata kama hakuna aliyekuambia.

Na kwa maharusi: kampuni nyingi hazimpandishi mama ambaye ujauzito wake utafikia wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Safari hubukiwa mwaka mzima mbele, kwa hiyo mlizungumze mapema, ninyi wawili, si mbele ya wakala.

2. Jina lijazwe kama pasi inavyosema

Fomu za meli zina visanduku viwili, jina la kwanza na la ukoo. Sisi tuna majina matatu, na kila mtu ana namna yake ya kuyapanga. Usipange. Fungua pasi, tazama mstari wa jina la ukoo umeandikwa nini, uhamishe herufi kwa herufi. Majina mengine yote yaliyobaki yaingie kwenye kisanduku cha kwanza.

Bibi harusi ndiye hupata shida zaidi. Bwana anabuku kwa furaha, anamwandika mkewe kwa jina la ukoo la mume, wakati pasi ya dada wa watu ina jina la baba yake na itaendelea kuwa nalo. Tiketi ya ndege inasema hivi, meli inasema vile, visa inasema vingine. Kurekebisha inawezekana, ila kampuni nyingine hutoza, na banda na spa vimefungwa kwenye namba ya buking hiyohiyo, kwa hiyo ukifuta na kubuku upya navyo vinaondoka.

3. Angalia kama chumba kinakuja na spa

Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayookoa pesa. Baadhi ya vyumba vinauzwa vikiwa na ruhusa ya spa ndani yake. Celebrity wana daraja la AquaClass, lililoanza na Solstice, ambalo linawapa wakazi wake kuingia eneo la mvuke la spa (sauna na vitanda vya joto) siku zote za safari. Norwegian nao wana vyumba vya spa kwenye meli zao kadhaa, karibu na spa yenyewe.

Hesabu ni fupi. Chukua bei ya chumba cha kawaida chenye baraza, ongeza pasi mbili za spa, linganisha na chumba cha spa. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na zipo wiki ambazo chumba cha spa kinatoka nafuu. Ila kama mwenzako hapendi joto, acha. Utakuwa umemlipia mtu anayekwenda kulala bwawani.

4. Kadi ya benki, na mahali pa kukaa nayo

Kadi ya Visa au Mastercard ya benki yoyote yenye tawi hapa mjini inafanya kazi, kwa masharti mawili. Kwanza, nenda tawini uombe wafungue manunuzi ya mtandaoni ya nje ya nchi. Kadi nyingi hutoka zikiwa zimefungwa. Pili, uliza kikomo cha siku. Kianzio cha chumba kinaweza kupita vizuri, halafu salio la mwisho, linalodaiwa takriban miezi miwili hadi minne kabla ya safari kutegemea kampuni, likakataliwa kwa sababu ni kubwa kuliko kikomo. Kadi za mtandaoni za mitandao ya simu zinafaa kwa vitu vidogo kama masaji, lakini salio la chumba litazishinda.

Fanya malipo mahali ambapo laini yako ya simu inashika vizuri, kwa sababu benki hutuma namba ya siri kwa meseji na ukurasa wa malipo hausubiri. Ukiwa ufukweni Kibirizi upepo umechafuka na mtandao unakuja na kwenda, ahirisha. Malipo yakikwama katikati usibonyeze mara ya pili. Angalia kwanza kwenye benki kama fedha imetoka.

Ukimtumia wakala wa Dar es Salaam au wa hapa, ada yake ya huduma ilipwe kwa shilingi. Kanuni za Machi 2025 zimekataza huduma za ndani kuuzwa kwa fedha za kigeni. Anayekung'ang'aniza dola mkononi ana jambo lake.

5. Ingia kwenye akaunti ya safari, uwe na subira

Ukishalipa kianzio unapewa namba ya buking. Fungua akaunti kwenye tovuti ya kampuni, ingiza namba hiyo, na utaona sehemu ya vitu vya kununua kabla ya safari: vinywaji, matembezi, intaneti, spa, mabanda. Safari ikiwa mbali sana sehemu hiyo inaweza kuwa tupu. Rudi tena baada ya muda. Siku mabanda yanapofunguliwa ndiyo siku ya kununua, hasa kama ni wikiendi ya sikukuu au safari fupi ya siku tatu nne, ambazo zina watu wengi wa sherehe.

Bei hupanda na kushuka. Royal Caribbean, kwa mfano, hubadilisha bei za sehemu hii mara kwa mara, na ukinunua mapema kisha bei ikashuka unaweza kughairi na kununua upya kwa bei ya chini, ilimradi banda bado lipo. Kabla ya kughairi hakikisha lipo. Na jua kwamba fedha za kurudishwa huchukua siku kadhaa kufika kwenye kadi ya Tanzania, kwa hiyo uwe na akiba ya kununulia upya wakati zile za kwanza bado ziko njiani.

Ikibidi kupiga simu, makao ya kampuni nyingi yako Miami au karibu yake. Saa tatu asubuhi yao ni saa kumi jioni yetu majira yao ya kiangazi, na saa kumi na moja jioni majira ya baridi. Piga mapema katika dirisha hilo. Usiku wa manane wetu bado wanapokea, ila foleni yake utaitazama mwenyewe.

6. Banda: hesabu vichwa kwanza

Banda la meli ni kama kukodi Noah: bei ni ya gari, si ya abiria. Mkiwa wawili mnaibeba yote. Mkiwa sita inaanza kuwa na maana. Tuseme banda ni dola 480. Kwa wawili ni dola 240 kila mmoja, kwa siku ambayo ufukwe wenyewe, vitanda vya kawaida na chakula cha mchana mara nyingi ni bure. Kwa sita ni dola 80. Maoni yangu ni haya: maharusi wawili waache banda wakachukue pasi za spa, familia ya wazazi, watoto na wajukuu ichukue banda bila kusita, kwa sababu bibi anapata kivuli na mahali pa kuswali, mtoto anapata pa kulala, na mifuko haitembei.

Bei zenyewe huanzia mamia ya dola kwa banda la kawaida. Yale yanayoelea juu ya maji pale Coco Beach Club, CocoCay, yako 20 tu, na hupita dola elfu moja kirahisi. Yana bembea ya wavu juu ya maji na utelezo wa kushukia baharini. Ni mazuri. Sijui harusi ya Ujiji ambayo bajeti yake ingekubali, lakini watoto wa ughaibuni wana mambo yao.

Kabla ya kulipa soma maelezo ya banda lenyewe, maana hayafanani:

- Linachukua watu wangapi, na anayezidi anatozwa au anakataliwa?
- Lina feni, kiyoyozi, au upepo tu? Ya Half Moon Cay yana kiyoyozi. Mengi ya kwingine hayana.
- Kuna mhudumu, maji na matunda? Vinywaji vingine kwa kawaida unalipia.
- Liko wapi? Tafuta ramani ya kisiwa. Banda lililo karibu na baa yenye muziki si la faragha hata likiwa na mapazia.
- Meli ikishindwa kutia nanga kwa mawimbi, fedha inarudi? Ukinunua kwa kampuni ya meli yenyewe, kwa kawaida inarudi.

Swali hilo la mwisho lina uzito kwenye visiwa ambako abiria hushushwa kwa boti ndogo. Bahari ikichafuka kidogo tu, nahodha anapita.

7. Spa: pasi ni kitu kimoja, masaji ni kingine

Watu huchanganya hapa. Masaji unalipia kwa kipindi, mtu anakukanda, umemaliza. Pasi ya eneo la mvuke unalipia kwa siku au kwa safari nzima, na hakuna anayekugusa: unaingia na kutoka utakavyo. Ndani kuna sauna, chumba cha mvuke, kwenye meli nyingine bwawa la maji ya chumvi yenye viputo vya kukanda mgongo, na vile vitanda vya vigae.

Vitanda hivyo vinastahili maelezo. Ni vya vigae vidogovidogo, vimefinyangwa kufuata mgongo na magoti, na joto linatoka ndani ya kitanda. Ukikaa unadhani ni kigumu. Baada ya dakika chache joto limeshaingia kiunoni na huoni tena ugumu. Mbele yako kuna kioo kikubwa na bahari inapita. Hakuna mtu anayeongea. Mzee mwenye mgongo wa kazi za miaka mingi atakushukuru kwa hilo kuliko kwa chakula cha usiku.

Je, ununue pasi ya safari nzima? Hesabu siku za baharini, zile ambazo meli haitii nanga popote. Safari ya wiki moja Mediterania inaweza kuwa na siku moja tu ya namna hiyo. Pasi itakulipa kama tu wewe ni mtu wa kuingia jioni au asubuhi na mapema. Safari zenye siku nyingi za bahari, pasi ni lazima. Idadi ya pasi imewekewa ukomo ili pasijae, kwa hiyo kama kampuni yako inaziuza kabla ya safari, nunua kabla. Zikiuzwa melini tu, ni kazi ya saa ya kwanza, nitaifikia.

Masaji nayo ina majira yake ya bei. Siku za baharini ni ghali na nafasi hujaa. Siku za bandari, watu wakiwa wameshuka, spa hutoa punguzo kujaza meza. Mwenye kutaka masaji moja tu asiinunue kabla ya safari. Asubiri bandari asiyokuwa na haja nayo.

Sasa mambo ya heshima, ambayo matangazo hayayasemi. Kwenye meli nyingi eneo la mvuke ni la wanaume na wanawake pamoja, watu wamevaa nguo za kuogelea. Kwa wazazi wengi wa huku hilo ni gumu, na ni bora walijue wakiwa nyumbani. Mama mmoja mwanawe alimpigia simu kumpa habari njema ya masaji, akajibiwa: "Mwanangu, nikandwe na mtu nisiyemjua, baba yako akiwa wapi?" Jibu lipo: unaweza kuomba mkandaji wa kike, na kuna chumba cha watu wawili ambamo mume na mke hukandwa pamoja. Andika ombi hilo wakati wa kubuku, kisha lirudie mapokezi ya spa. Anayetaka kuvaa nguo ndefu ya kuogelea aulize kampuni mapema kuhusu mabwawa ya ndani.

Mapokezi utajazishwa fomu ya afya. Sema kweli kuhusu presha, sukari na ujauzito. Sauna na presha ya kupanda havipatani, na wajawazito hawaruhusiwi kwenye joto lile. Watoto hawaingii.

8. Safari ya kwenda bandarini, kwa kifupi

Usipange ndege ya Kigoma kwenda Dar iungane siku hiyohiyo na ndege ya nje, wala ndege ya nje iungane siku hiyohiyo na meli. Fika mji wa bandari siku moja kabla. Meli hufunga usajili saa moja au zaidi kabla ya kung'oa nanga, na haimsubiri mtu ambaye ndege yake ilichelewa kutoka. Pakua programu ya kampuni kwenye simu ukiwa bado na bando lako, na chapisha karatasi za banda na spa. Intaneti ya melini ni ghali na kuna anayehitaji kuona ushahidi.

Nguo ya kuogelea na dawa weka kwenye begi la mkononi. Mabegi makubwa hufikishwa chumbani baadaye, mengine jioni kabisa.

9. Ukishapanda

Watu wote huenda kula. Wewe nenda spa. Siku ya kupanda huwa wazi kwa wageni kutembezwa, na ndipo pasi za spa zilizobaki huuzwa. Kama ulishanunua, thibitisha tu saa na jina la mkandaji. Kama banda lako ni la kisiwani, pita dawati la matembezi uulize karatasi au mkanda wa mkononi unachukuliwa wapi.

Kisha pita mapokezi kuhusu malipo. Ndani ya meli hakuna pesa taslimu. Kila kitu kinaandikwa kwenye kadi ya chumba. Ukisajili kadi ya benki inayokata moja kwa moja kwenye akaunti, kampuni huzuia kiasi fulani cha salio lako, na kinaweza kuchukua siku kadhaa baada ya safari kuachiwa. Anayetegemea salio hilo kwa nauli ya kurudi Kigoma ataumia. Uliza kama unaweza kuweka amana ya taslimu. Kampuni nyingi zinakubali.

Baada ya masaji mkandaji atakuletea mafuta, krimu na unga wa mwani, kwa upole mno, na kukuambia ngozi yako ina matatizo matatu. Ni sehemu ya kazi yake. "Hapana, asante" inatosha, bila maelezo. Mwenye chupa ya mawese safi nyumbani hana haja ya kununua mafuta ya dola themanini.

Utapewa karatasi ya kusaini. Isome mstari kwa mstari: kampuni nyingi za Marekani zinaongeza bakshishi ya asilimia 18 au 20 zenyewe, na chini yake kuna mstari mwingine mtupu wa bakshishi ya ziada. Ukiona asilimia imeshahesabiwa, piga mstari pale patupu, saini, omba nakala. Jioni ya kuamkia kushuka fungua bili yako kwenye runinga ya chumbani au kwenye programu, linganisha na nakala hizo, na kama kuna kilichoandikwa mara mbili nenda mapokezi usiku huohuo. Asubuhi foleni huwa ndefu, na mabasi ya uwanja wa ndege yameshawasha injini.